Ngeli ya A-WA

Mwalimu Ntahondi aliandika ubaoni, chaki ikikwaruza:
Mtu anazama. Fisi maji anazama.
Mnaona, akasema, ngeli moja;
anayepumua tunampa a-, hatumchungulii.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, dawati la nyuma,
shule ya Katubuka, karibu na reli.
Nikaipigia mstari sentensi ya pili
hadi kalamu ikatoboa daftari.

Nyumbani tulizaliwa wawili. Mimi Bukuru, nyuma yangu Butoyi.
Majina ya mapacha Waha hawayapimi kwa khanga wala kaptura:
aliyetangulia ni Bukuru, basi.
Jina lilinitosha. Mwili ndio ulioletewa maswali.

Ziwani kuna jiwe. Huku wanaoga wanaume,
kule wanawake, na jiwe katikati,
jeupe kwa kinyesi cha mnandi.
Kila jioni Butoyi alikwenda upande wake bila kufikiri,
kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani.
Mimi nilibaki na sabuni mkononi.
Kuvua: samaki. Kuvua: nguo.
Wavu sikuwa nao, na nguo sikuthubutu.

Siku hiyo akapita.
Kichwa tu juu ya maji, masharubu,
macho mawili kama punje za mtama uliolowa.
Akatoka kwa wanawake akaingia kwa wanaume,
mgebuka mdomoni,
wala hakuna aliyejifunika.
Nikawaza: yule ni mimi.
Sikuwaza "kama". Neno kama halikuwepo.

(Usiku nilimwambia Butoyi. Akanyamaza,
nikasikia chandarua kikigusa ukuta.
Akauliza: samaki utamla mbichi?
Sijui, nikasema.
Basi dagaa wangu usiwaguse.)

Wengine hawakuuliza hivyo.
Kibirizi, kwenye chanja za dagaa, walinipima
kifua, koo, mwendo,
wakakosa pa kuniweka. Ndipo wakasema:
Lile! Limepita lile!
Sikia sarufi inavyopiga ngumi.
Walinitoa A-WA wakanitupa LI-YA,
pamoja na jitu, na jinamizi, na lile jiwe.
Mbwa wa pale, mwenye upele, huitwa huyu.

Mama anakamua mawese; kucha zake haziachi wekundu.
Habari zilimfikia. Akanisubiri jikoni.
Umechoka kuwa ulivyozaliwa, ndiyo unakimbilia majini?
Na mtu akiacha kuwa mtu, utu anaupeleka wapi?

Swali la kwanza nililiguguna kweli.
Huenda mlango ule ndio ulionifungulia huu.
Huenda huu ulikuwa wazi tangu zamani,
na ule niliukuta umekomewa nikiwa napita tu.
Fisi maji nao wana dume na jike, sikatai;
wanajuana wenyewe, kwa harufu, kwa msimu.
Ila hakuna anayesimamishwa mlangoni pa maji ajieleze.
Hata jina wamebandikwa: fisi, na si fisi.
Ukiwaita, hawageuki.

La pili sina jibu, mama.
Nilimwambia tu: jana nilimchotea maji bibi Gwimo,
yule aliyevunjika nyonga,
ndoo nne, kutoka bondeni,
na mkono uliobeba ndoo
niliuhisi una utando kati ya vidole.

Akakoroga sufuria. Hakusema ndiyo.
Povu lilipanda, akalipuliza, likashuka.

Leo nimerudi kutoka jiweni, nywele zinachuruzika.
Upande gani nimeoga, nakuachia wewe.
Nje ya dirisha namsikia akimwuliza Butoyi,
sauti ya chini, ya mtu anayehesabu sahani:
Amekula?

A-, amesema.

Kichwa cha mgebuka, kile kikubwa,
kimefunikwa kwa bakuli la bati.
Nakila pamoja na mifupa.