Kimo cha Nyasi

Wananiuliza kwa sababu nilikuwa karibu.
Mimi ndiye Singano wa spika, wa Makorora,
ninayepiga wimbo wa taifa Mkwakwani
kabla ya mpira, kisha nazima, nakunja nyaya, naondoka.

Wote waliona. Kikosi kimejipanga,
mikono vifuani, jua la saa kumi usoni,
na Mwanakombo Hoza, golikipa,
akatoka kwenye mstari bila haraka,
glavu kwapani,
akaenda hadi karibu na kibendera cha kona
akakaa chini.
Chini kabisa, kama mtu wa msibani.

Jioni ile mji ukagawanyika.
Kwa fundi baiskeli, Barabara ya Nane,
Bwana Mhina, mstaafu wa bandari, alishika pampu kama fimbo:
"Wimbo ule ni mama anaitwa jina lake.
Mama anaitwa, wewe unakaa?"
Kijana wa pancha hakuinua kichwa kutoka kwenye beseni:
"Na binti alipoanguka pale pale, mama alikuja?"
"Usinipindishie maneno!"
"Sipindishi, baba. Natafuta panapovuja."

Saluni za Chumbageni zilisema kapewa hela.
Mke wangu alikuwa anasonga ugali, akasema tu:
"Kona ile ina siafu, masikini."

Kona ile sote tunaijua.
Wiki sita kabla, Mwasiti wa winga ya kushoto
alivunjika paja hapo.
Dakika arobaini na tano, kipindi kizima,
alilala akingoja gari
lililokuwa limekwenda kumpokea mgeni rasmi.
Wanasema mgonjwa haulizwi uji;
yeye aliulizwa kadi ya bima.
Mwisho akabebwa juu ya ubao wa tangazo la soda,
misumari ikiwa bado imening'inia pembeni.
Sasa anauza maandazi Duga, magongo yameegemea ukuta.

Kamati ikaniita. Feni, chai, bendera ndogo ya mezani.
"Bwana Singano, ulikuwa hatua kumi tu kutoka kwake.
Ulimwona amekaa, wakati wewe umesimama?"

Hapo ulimi ukanata.
Maana waya wa spika yangu ya kushoto, ule mwekundu,
umelegea tangu siku niliyoinunua.
Usipoubana kwa vidole viwili
wimbo unakohoa, unakatika.
Kwa hiyo kila mechi, taifa likisimama,
mimi huchuchumaa nyuma ya boksi, kisogo kwa bendera,
nimeshika waya ili taifa lisikike.
Miaka kumi na mmoja, sijasimama hata mara moja.
Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za uzalendo.

Sikuwaambia hivyo. Nina watoto,
na malipo ya mechi mbili bado wanayo wao.
Nilisema: niliona miguu.

Wakacheka. Lakini ndicho nilichoona:
kiatu cha mgeni rasmi kikigongagonga chini, kina haraka;
soksi za nahodha, moja imevaliwa kinyume;
mtoto wa kuokota mipira, peku,
kidole kikikuna kidole.
Na upande wa pili wa msitu ule wa miguu,
uso mmoja tu uliokuwa kimo sawa na changu.

Midomo yake ilikuwa inakwenda.
Aliimba au aliomba, sijui,
spika ilikuwa sikioni kwangu.
Aliutazama mkono wangu juu ya waya,
akanitazama mimi,
akainamisha kichwa kidogo tu,
kama wasalimianavyo mafundi
kila mmoja akiwa kazini kwake.

Wamemfungia mechi sita.
Jumamosi nina kazi tena.
Waya mpya ninao, mita mbili, na risasi ya kulehemu,
viko mezani tangu juzi,
bado vimo kwenye karatasi ya dukani.