Toleo la Arobaini na Moja

Mji wetu ulizoea kutengeneza karatasi.
Upepo ukigeuka toka kiwandani, Webuye nzima
ilinuka yai lililosahaulika,
na watu walisema: hiyo ni harufu ya mshahara.
Sasa mimi na Namarome tunatoa jarida
lisilo na karatasi hata moja,
kwa wasomaji sitini na watatu.

Sitini na watatu. Nawahesabu kama kuku jioni.
Wote wanatumia mfumo ule ambao fundi wa mjini
akiuona kwenye kioo, hufunika mashine taratibu
kama aliyesukuma mlango wa choo akakuta kuna mtu,
kisha huuliza: "Kwa nini usiweke ule wa kila mtu?"

Wa kila mtu!
Shati la kila mtu halijawahi kunikaa mabegani.

Chanzo ni kompyuta kumi na mbili
zilizoachwa shuleni na watawa waliorudi kwao
bila kuacha maelezo.
Hazikuitambua printa yoyote duniani.
Namarome alikaa nazo likizo nzima ya Agosti,
amri moja, kosa moja, chai, amri nyingine,
hadi usiku ule printa ilipokohoa
ikatema mstari mmoja uliopinda.
Hapakuwa na wa kumwambia.
Ndipo akaandika toleo la kwanza: kurasa tatu,
makosa tisa ya tahajia, na kichwa cha habari
IMECHAPA.

Tangu hapo barua huja.
Kijana wa Busia anatuchorea aikoni:
kaondoa kile kikapu cha taka, kaweka jembe,
maana kwao, asema, kilichokufa huzikwa.
Mzee Wekunda wa Kimilili huuliza swali lilelile kila mwezi,
nasi tunamjibu kila mwezi, kwa maneno mengine.
Na kuna mmoja hatumjui,
hufungua kila toleo saa tisa za usiku
na hajawahi kuandika neno.
Namarome humwita Popo.
Nikiandika, nadhani ni yeye ninayemwandikia.

Mwezi uliopita nilisema, tuache.
Bando limepanda. Stima inakatika tukiwa katikati ya sentensi.
Mahindi yangu yanamezwa na magugu
huku nikieleza watu namna ya kuongeza fonti.
Namarome hakunijibu. Alivaa miwani,
akanisomea barua ya muuguzi
wa zahanati moja huko nyuma ya Chetambe:

"Saa ya mashine yetu ilirudi mwaka wa sabini.
Watoto wote waliozaliwa juma hili
wakawa wakubwa kuliko mama zao.
Nimefuata toleo lenu la kumi na tisa, ukurasa wa nne,
nikakosea, nikarudia.
Sasa watoto ni wachanga tena. Asanteni.
Ila printa bado."

Ila printa bado!
Namarome alicheka hadi miwani ikaanguka.

Nikavuta kigoda. Kibodi yetu haina herufi R,
kuna kijiti cha kiberiti mahali pake,
na kidole kimeshazoea.
Barua ya kwanza kwenye foleni ni ya Kimilili.
Mzee Wekunda ameuliza tena,
kwa heshima zote, akitusalimu na watoto:
hii mashine, inazimwaje?