Kikohozi

Kaseti ya dakika tisini, ubavuni imeandikwa
kwa bluu iliyofifia: Mazoezi. Wete. Mvua.
Mwaka hakuutaja. Baba hakuwa mtu wa miaka,
alikuwa mtu wa nyuzi; uzi wa tatu ukimlegea
aliufokea kama mtoto aliyechelewa chuoni.

Nimeazima kompyuta ya skuli, irudi Jumatatu.
Nimeunga waya, nimekaa na upande wa kwanza, nimegeuza,
nimekaa na wa pili mpaka miguu imekufa ganzi.
Mwisho mashine ikauliza, kwa adabu ya mgeni aliye mlangoni:
ihifadhiwe kwa muundo gani?

WAV ni karafuu pamoja na makonyo yake:
hakikupotea kitu, na gunia halifungiki.
FLAC ni nguo ile ile, ila imekunjwa na mtu ajuaye kukunja;
ukiikunjua, hata kifungo kimoja hakikuanguka.
MP3 ni samaki aliyekwisha kuparwa.
Magamba nje, matumbo nje,
na muuzaji anaapa hamna kilichopungua.
Muulize paka.

Basi nikachagua FLAC, nikajiona mtoto mwema.

Nyumba ikakataa.
Televisheni ya ukumbini iliipokea bila neno,
lakini spika ya jikoni, zawadi ya Hamadi kutoka Maskati,
iliwasha taa nyekundu ikanyamaza.
Na wifi ya nyumba hii ni wifi kweli:
ukumbini hucheka na watu, jikoni haingii.
Simu ya Raya imejaa harusi tatu za watu wengine.
Hamadi naye akaandika: nitumie nyepesi,
bando langu linapumulia mdomo.

Nikaishusha. Mia tatu na ishirini, sawa.
Mia na ishirini na nane, si mbaya.
Sitini na nne: nikavaa hedifoni, nikazima feni,
nikasubiri baada ya ubeti wa pili,
pale baba anapolaza udi gotini akakohoa.
Mvua juu ya bati imekuwa mchele unaopepetwa.
Kikohozi kipo.
Ila hakina kifua.

Nikamwendea mama na ushahidi wangu, kama karani.
Alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi, hakuinua kichwa.
"Kikohozi nnacho mimi," alisema.
"Nimekilalia miaka thelathini na moja.
Wewe niwekee udi, na uwe unafika huku."

FLAC nimeitia kwenye diski, diski kwenye soksi,
soksi kwenye sanduku lenye hati ya shamba la Mtambwe.
Jikoni nimepeleka MP3, ile nzito.
Hamadi kapata kifurushi chake kisicho na kifua,
kajibu kwa kidole gumba.

Jioni nikafungulia vyumba vyote kwa pamoja.
Havikwenda pamoja.
Ukumbi ulitangulia nusu pumzi:
baba aligusa uzi kule, akaugusa tena huku,
akajiuliza, akajijibu,
na kwenye ukumbi mdogo wa katikati, penye pasi na viatu,
swali na jibu vilikanyagana.
Nikashika simu nitafute pa kurekebisha; kitufe kipo,
nilikiona juzi.

Mama akatoka, mkono mweupe wa nazi hadi kiwiko,
akasimama baina ya milango miwili.
"Usimuwahishe."

Hatukusema kitu mpaka ubeti wa pili ulipokwisha.
Wakakohoa wawili, mmoja nyuma ya mwenzake.

"Huyu wa jikoni ndiye mwenyewe," alisema.
"Siku zote alichelewa."