Sikio la Kushoto

Sikio langu la kushoto lilifia Saginaw,
Februari, mwaka wa sitini na nne,
ukumbi wa Wapolandi juu ya bucha,
wala sikulivalia nguo nyeusi.
Kaa kulia kwangu, Tamsin, kama unataka jibu.

Tulikuwa wanne.
Verlene Tubbs, gitaa: binti wa mhubiri
aliyemfundisha nyuzi sita za kumsifu Mungu,
naye akaziongezea maswali.
Bronia Wojcik, besi ya kuazima, hadi leo haijarudi.
Opal kwenye kinanda, mimba ya miezi saba,
akivifikia vibonye kwa mbali
kama anayechuma zabibu za jirani.
Na mimi nyuma yao, sketi nimeibana kwa pini,
maana dramu hazipigwi magoti yakiwa na adabu.

Mchana tulishona viti vya magari, Flint,
viti ambavyo hatukuwahi kuvikalia.
Usiku, lori la maziwa la kaka yake Bronia,
hita mbovu, glavu mpaka mlangoni.
Hoteli ya Bay City ilikuwa na nafasi ya watu watatu.
Mwenyewe alisema hivyo akimtazama Verlene.
Tukalala lorini, wanne, kati ya makreti,
tukaamka tunanuka jibini.

Promota wa Saginaw alitutazama
kama mtu aliyeletewa supu asiyoiagiza.
"Wanamuziki wako wapi?"
Verlene hakumjibu. Alichomeka waya.

Usidhani ni mlio huu wenu, uliooshwa ukapigwa pasi.
Spika yake ilikuwa imetoboka: panya alianza,
Verlene akamalizia kwa wembe.
Ikatoka sauti yenye mchanga kooni,
sauti ya mtu aliyenyamazishwa mezani miaka ishirini
na leo ameinuka, sahani mkononi.
Waliokuja kucheka walisahau walichokijia.
Mcheza kwao hutunzwa, husema watu;
sisi tulitunzwa chupa mbili, moja ikiwa bado na bia.
Bronia aliiokota kati ya nyimbo, akainywa.

Halafu santuri. Nakala mia tatu.
Juu ya jalada, wanaume wanne wenye tai,
sijui waliokotwa wapi, mmoja ameshika fimbo zangu.
Verlene alicheka mpaka akakaa ukingoni mwa barabara.
"Bernie," akasema, "wametuoza,
na hata keki hatukula."
Kisha hakucheka tena.

Chanda chema huvikwa pete. Chake kilivikwa plasta,
baadaye kastabini, miaka thelathini na moja.
Tangazo la msiba wake liliandika: alipenda kuoka.
Verlene! Hata maji yaliungua mikononi mwake.

Sasa sikiliza, hili ndilo nililotaka kukuambia.
Jana nilisimama nje ya gereji yenu na mfuko wa viazi.
Yule msichana wenu, Xiomara, aliyenyoa upande mmoja,
aliuvuta uzi wa tatu, akaushikilia,
akachelewa kuuachia.
Kuchelewa kule nakujua. Ni pumzi moja tu,
na mpiga dramu asiyekuzoea hujikwaa.
Viazi vilibingirika hadi barabarani.

Nikamuuliza kafundishwa na nani.
Mwanamke mmoja wa Cleveland. Na huyo je?
Shangazi yake, aliyekuwa na miaka tisa kule Lansing,
akapanda juu ya kreti achungulie dirisha la ukumbi.
Jina la mpigaji hakulijua.
Aliona mkono.

Nilitaka kulitaja. Niliinama nikaokota viazi.
Kesho, labda. Kwanza nipe fimbo.
Si hizo nyepesi. Zile.
Na mwambie asipunguze sauti kwa ajili ya bibi:
upande huu hakuna kilichobaki cha kuharibu.