Namba Themanini na Mbili

Kinanda cha Ng'washi kiliuzwa mwezi wa pili.
Kilifungwa kwenye shuka la maua,
kikapanda kivuko kwenda Ukerewe
kupigiwa zaburi.
Ada yangu ya kidato cha tatu ikalipwa.
Stakabadhi ninayo bado.

Leo usiku, Mabatini, chumba cha juu ya mawe,
ngoma yangu iko tayari:
kiki, besi, makofi ya mashine,
mipigo mia na thelathini kwa dakika.
Kinachokosekana ni sauti ya kutangulia.
Nina kompyuta isiyo na betri
na sekunde kumi na moja za kinanda kile,
zilizonaswa kwa simu kwenye sendofu ya Kabula.
Jogoo anawika katikati,
mtu anaomba soda ya chungwa,
na chini ya jogoo na soda, namba themanini na mbili:
kali, nyembamba,
ikipanda kama mtu anayeapa.

Naanza na wimbi la msumeno.
Ndivyo liitwavyo, kwa meno yake:
linapanda mteremko, linaanguka wima,
linapanda, linaanguka,
mara mia nne arobaini kwa sekunde.
Moja peke yake ni mbu.
Naongeza la pili, nalipotosha kidogo,
kidogo sana, kama ndugu wawili wanaosali pamoja
mmoja akiwahi pumzi.
La tatu. La tano. La saba.
Sasa ni visubi vya ziwa, lile wingu la kahawia
linalotufungisha madirisha Kirumba:
kila kimoja na mlio wake,
na vyote mlio mmoja.

Nafungua chujio, jua linaingia.
Nalifunga, mtu anaongea ndani ya pipa.
Nusu. Nusu na robo.
Halafu bahasha, ambayo haina barua,
ina namna tu sauti inavyofika, inavyokaa, inavyoondoka.
Ya Ng'washi ilifika bila hodi.
Ilipoondoka haikuaga.

Saa nane umeme unakatika.
Naishika noti mdomoni nisiipoteze,
nnn, nnn,
shingo imenyooka kama nimebeba ndoo.
Bhoke wa chumba cha pili anagonga ukuta:
"Wewe, ni jino?"

Ukirudi, naweka yangu juu ya yake.
Zinalingana. Hata jogoo anakubali.
Lakini yangu imevaa viatu vipya,
inaingia ukumbini ikitazama miguu.

Ndipo naikumbuka spika.
Ilipasuka Igoma, mlevi alipoiegemea,
na dada, watu wakiwa wamesimama wanasubiri kucheza,
akaiziba kwa gundi ya viatu
na ukurasa wa daftari langu la hesabu.
Tangu siku ile kila noti ya juu
ilipita kwanza kwenye sehemu zangu zisizorahisishwa,
ikatoka imekwaruzika.

Natoboa spika ya redio yangu.
Najaribu karatasi ya maandazi: mafuta yanaumeza mlio.
Najaribu gazeti: linatetemeka kama lina habari.
Stakabadhi ina ugumu unaofaa.
Naikunjua, naisoma mara moja, jina langu, kiasi, muhuri,
naipaka gundi.

Naunganisha waya. Nabonyeza.

Kwenye mawe huko nje mijusi wa vichwa vyekundu
wanaanza kuota jua.
Namtumia Ng'washi, aliyeko Geita akipima mchele,
bila neno hata moja.

Adhuhuri anajibu:
"Nani amekirudisha kinanda changu?"
Kisha, kabla sijaandika kitu:
"Noti ya nne bado imelegea.
Niliwaambia wale wa Ukerewe wakaze."

Nasikiliza tena.
Imelegea kweli.
Hiyo sikuiweka mimi.