Msumari wa Tano

Ramani ya dunia ilifika skuli yetu, Kisiwa Panza,
imekunjwa mara nane, inanuka mafuta ya taa.
Maalim Shaame akaipigilia kwa misumari ya mashua:
minne pembeni,
na wa tano kule mashariki kabisa, katikati ya buluu,
pale karatasi ilipokuwa ikipepea.

"Pana kisiwa hapo," alisema Mize Faki,
pua yake karibu na ukuta.
"Herufi mbili tu zimebaki. Msumari umekula jina."

Tukacheka. Maalim hakucheka.
Akaung'oa kwa ukucha wa nyundo,
ukatoka na kutu yake, kutu ikatoka na kisiwa.
Pakabaki tundu.
Tulipochungulia tukaona chokaa ya darasa letu,
na ndani ya chokaa, jiwe la pwani yetu.

"Watu wa hapo wanakula nini?"
"Samaki. Nazi. Hulima majimbi kwenye mashimo."
"Na chumvi, maalim? Imeshafika kwenye majimbi yao?"

Yeye akatazama nje, bondeni,
ambako mwaka ule bahari iliingia bila hodi,
ikalala siku tatu kwenye mpunga wa Bi Raya,
ikaondoka,
ikaacha mabua rangi ya karatasi kavu.
"Sijui," akasema.
Hatujapata kumsikia mwalimu akisema sijui.

Mize alihamia upande wa Afrika, akatutafuta.
Unguja aliiona. Pemba aliiona, kama kinyesi cha nzi.
Panza hakuiona.
"Sie hata msumari hatukupata."

Kesho yake alikuja na uji mzito wa mchele kwenye kifuu
na kipande cha daftari, kidogo kuliko ukucha.
Akaziba tundu. Akatia nukta kwa kalamu ya wino.
Jina hakuandika:
"Watalisema wenyewe."

Mvua tatu baadaye ramani ile ililiwa na mchwa.
Mize yuko Mtambwe, ana wajukuu.
Mimi nimebaki na shamba ambalo nusu yake sasa ni mikoko.

Bamvua kubwa hupanda kabla ya adhana ya alfajiri.
Nikisikia maji yakigusa kizingiti cha banda la kuku
huamka, huwasha taa, huhesabu:
kule jua limeshapanda.
Kuna mtu amechutama kwenye shimo la majimbi,
ametia kidole udongoni, amekionja,
na bado hajatema.