Silinda ya Saba

Ketill, usininunulie nozeli kwa macho.
Niko gereji tangu saa mbili, hita inakohoa,
theluji ya Aprili imerudi Akureyri kama mdai,
na nyuma ya risiti ya maziwa nimeandika hivi:

farasi mia nane tunawataka kwenye magurudumu.
Lakini supachaja naye ni mlaji.
Mkanda unaomzungusha hukwapua farasi tisini
pale kwenye krenki, kabla hajatupa pumzi moja,
na hao tisini, wasiopanda kilima chochote,
wasiopigiwa makofi na mtu,
nao hula.
Wahesabu. Baba hakuwahesabu.

Basi mia nane na tisini, midomo minane.
Nimeongeza petroli ya kupoza tu,
maana hewa iliyoshindiliwa huja na homa.
Kila mdomo: sentimita za ujazo mia saba na sitini kwa dakika.
Usiende dukani na hiyo.
Gawa tena kwa nukta nane,
kwa sababu nozeli isiyofumba jicho huungua;
mara hamsini kwa sekunde inafunguka,
mpe na nafasi ya kupepesa.
Mia tisa hamsini. Wakiwa na za elfu, chukua.

Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Hapa kibaba tunacho,
tunakitoa haba kwa haba,
na haba moja ikipungua chuma kinayeyuka.

Halafu shinikizo. Supachaja ikishika moto
inapuliza bar moja dhidi ya mdomo wa nozeli.
Pampu ikisukuma tatu, zinafika mbili.
Ni kulisha mtoto anayepuliza kijiko.
Kidhibiti kipewe bomba la kusikia hiyo pumzi,
ipande moja, nayo ipande moja.
Na pampu, usiamini boksi.
Lita mia nne kwa saa, wameandika;
hizo ni za pampu isiyo na mzigo,
kama mtu anayejisifu nguvu akiwa amelala.
Chukua mbili.

Pistoni ya saba iko hapa, imekalia risiti zangu.
Tundu lake linapitisha kidole gumba.
Unakumbuka Julai, machimbo ya kokoto,
gari limesimama wima ukutani, magurudumu yote manne yanalia,
kisha ule moshi mweupe, kisha watu wakanyamaza.
Baba hakusema neno hadi nyumbani.
Novemba tukamzika, na watu wa kiwanda cha maziwa
wakasema hakuna lori alilowahi kulishindwa,
na mimi moyoni nikasema: moja.

Nimesema hakuwahesabu.
Nimefungua daftari lake sasa hivi, kutafuta simu ya muuza pampu.
Pembeni, kwa penseli, herufi zake za kuinama:
+90.
Nozeli zake zilitosha, Ketill. Nimepiga hesabu mara tatu.

Bomba ndilo halikutosha.
Lile jembamba, lililobaki kwenye lori la maziwa,
linaloingia reli ya kushoto kwa mbele tu:
moja anakunywa, tatu anakunywa, tano anakunywa,
saba anaramba sahani.
Bomba hilo nilikata mimi.
Nilikuwa na haraka, nilikuwa na kisu mkononi,
nikasema petroli ni petroli, itapita.

Sijui kama alijua.
Alilitoa, hilo najua, kwa sababu halipo kwenye gari;
nimelikuta ndani ya droo ya chini,
limekunjwa vizuri, limefungwa uzi,
kama kitu cha mtu mwingine unachomtunzia.

Leta la nusu inchi, mita nne.
Nitalilisha reli kutoka ncha zote mbili.
Leta na mkate, sijala.
Hita imezimika. Vidole vimekufa ganzi,
lakini kalamu bado inatoa wino,
na hiyo tisini naiandika juu kabisa ya karatasi,
kubwa, mahali ambapo hata wewe utaiona.